Uvimbe Wenye Sura Mbili: Historia ya Utambuzi wa Saratani Mseto za Ubongo kati ya Msimbazi na Ocean Road, Dar es Salaam

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi wa uvimbe mseto wa ubongo, yaani uvimbe ambao ndani yake huonekana zaidi ya aina moja ya saratani, kwa kuitazama kutoka Msimbazi na Kariakoo, kitovu cha jiji la Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba unadra wa ugonjwa huu hauwezi kutenganishwa na historia ya vyombo vya kuuona na ya watu walioruhusiwa kuvifikia. Katika zama za ukoloni mkazi wa Kariakoo alitengwa na hospitali kwa sheria na desturi za mji. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, lakini mnyororo wa vipimo ulijengwa polepole. Darubini ilipoanza kuwa chombo cha kawaida cha kuutaja uvimbe mseto, sayansi ya dunia ilikuwa tayari imehamia kwenye jeni na kulifuta jina lenyewe. Insha inahitimisha kwamba kitalu cha nta chenye tishu ya mgonjwa ni waraka wa kihistoria na pia haki ya mgonjwa, na kwamba utunzaji wake ni suala la utafiti na la tiba kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya magonjwa ya kuambukiza: malale, ndui, malaria, kifua kikuu na, katika miongo ya karibuni, UKIMWI. Saratani imeingia kwenye historia hiyo kwa kuchelewa. Kitabu cha John Iliffe kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1998 kilifungua njia ya kuwatazama wahudumu wa afya Waafrika kama watendaji wa historia. Kazi ya Julie Livingston kuhusu wodi ya saratani nchini Botswana, ya mwaka 2012, na ya Marissa Mika kuhusu Taasisi ya Saratani ya Uganda, ya mwaka 2021, zimeonesha kwamba saratani si ugonjwa mpya barani Afrika, bali ni ugonjwa ambao haukutazamwa.

Hata ndani ya historia hiyo changa, uvimbe wa ubongo umebaki pembeni. Sababu yake si ngumu kuiona. Saratani ya ngozi, ya titi au ya taya huonekana kwa macho na hushikwa kwa mkono. Uvimbe wa ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na kabla ya kuwapo picha za ndani ya mwili ulijulikana kwa dalili zake tu: kichwa kinachouma hasa asubuhi, kutapika, kifafa kinachomwanza mtu akiwa mtu mzima, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au mabadiliko ya tabia. Kila moja ya dalili hizo ina ugonjwa mwingine unaojulikana zaidi unaoweza kuitwa kwa jina lake. Aliyedhoofika upande mmoja alihesabiwa kuwa na kiharusi. Aliyeanguka alihesabiwa kuwa na kifafa. Aliyebadilika tabia aliitwa mgonjwa wa akili. Uvimbe wenyewe ulizikwa pamoja na mwenye nao.

Uvimbe mseto umejificha mara mbili. Kwanza, umejificha ndani ya fuvu kama uvimbe wowote wa ubongo. Pili, umejificha ndani ya uvimbe wenyewe, kwa kuwa hata baada ya kutolewa hauwezi kujulikana kuwa una sura mbili mpaka tishu yake ichunguzwe kwa darubini, na katika miaka ya sasa mpaka jeni zake zisomwe. Kwa sababu hiyo ni kioo kizuri cha kutazamia historia ya uwezo wa kuona. Swali linaloongoza insha hii ni hili: ugonjwa unapoitwa nadra katika jiji kama Dar es Salaam, ni kitu gani hasa kilicho nadra?

2.0 Istilahi: Uvimbe, Saratani na Mseto

Neno uvimbe katika Kiswahili cha kawaida hutaja kila kinachoinuka au kutuna mwilini, kuanzia jipu hadi goti lililoteguka. Kwa hiyo maneno uvimbe wa ubongo hayasemi kama kilichopo ni saratani, usaha, au donge la kifua kikuu, ambalo limekuwa likionekana mara kwa mara katika ubongo wa wagonjwa wa ukanda huu. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya kaa, mnyama wa majini, sawasawa na neno la Kilatini lililozaa jina kansa. Majina yote mawili yalitokana na umbo lililoonekana juu ya mwili. Lugha yenyewe, basi, inahifadhi kumbukumbu ya zama ambazo saratani ilikuwa ni ile tu inayoonekana. Juhudi za kusanifu istilahi za kitabibu, zikiwamo zile zilizozaa Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, ziliwapa wataalamu maneno ya pamoja, lakini majina ya aina za uvimbe wa ubongo bado yameingia kwa utohozi: glioma, astrositoma, oligodendroglioma.

Neno mseto linafaa kwa jambo linalojadiliwa hapa. Katika jiko la Waswahili mseto ni chakula cha nafaka zilizopikwa pamoja, kama mchele na choroko, mpaka zikawa chakula kimoja ingawa kila punje bado inatambulika. Uvimbe mseto ni hivyo: umbo moja lenye seli za aina mbili au zaidi. Unapaswa kutofautishwa na uvimbe wa mgongano, ambapo saratani mbili zilizoanza mbali mbali hukutana mahali pamoja, na pia na saratani iliyosambaa kwenye ubongo ikitokea kiungo kingine, kama pafu au titi. Katika insha hii mifano miwili ndiyo itakayozingatiwa. Wa kwanza ni oligoastrositoma, uliodhaniwa kuchanganya seli za astrositoma na za oligodendroglioma. Wa pili ni gliosakoma, wenye sehemu inayofanana na saratani ya seli za ubongo na sehemu inayofanana na saratani ya tishu unganishi.

3.0 Mji wa Kanda Tatu: Nani Aliweza Kuonekana

Ili kuelewa ni nani aliyeweza kupata jina la ugonjwa wake, ni lazima kuanza na ramani ya mji. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bonde la Mto Msimbazi liko upande wake wa magharibi na kaskazini, na barabara yenye jina la mto huo inapita katikati ya maduka na nyumba zake. Chini ya utawala wa Kijerumani na kisha wa Kiingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika kanda tatu za ujenzi: ya Wazungu karibu na bahari, ya biashara ambako Wahindi wengi waliishi, na ya Waafrika iliyokuwa na Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja uliachwa kati ya Kariakoo na mji wa biashara, na hoja iliyotolewa kuutetea ilikuwa ya kiafya: kuzuia maradhi yasivuke. Andrew Burton na James Brennan wameeleza kwa kina namna mgawanyo huo ulivyojenga tabaka na rangi katika maisha ya mji.

Hospitali zilifuata mstari huo huo. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani ufukweni na kukamilika mwaka 1897, ndiko mtafiti mashuhuri Robert Koch alikofanya sehemu ya kazi zake za malaria. Chini ya Waingereza iliendelea kuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walihudumiwa katika Hospitali ya Sewa Haji, iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye alifariki mwaka huo huo wa 1897. Hivyo mkazi wa mtaa wa Msimbazi aliyeanza kuanguka kifafa katika miaka ya 1930 hakuweza kulala katika wodi ya Ocean Road hata kama angeweza kufika huko kwa miguu.

Haimaanishi kwamba mgonjwa huyo hakuwa na tiba. Utafiti wa Lloyd Swantz kuhusu waganga wa Kizaramo katika Dar es Salaam, uliowasilishwa kama tasnifu mwaka 1972, ulionesha kwamba uganga ulikuwa taasisi hai ya mjini, si mabaki ya kijijini. Kuanguka, kusikia sauti na kubadilika tabia vilikuwa na maelezo, majina na wataalamu wake, na maelezo hayo yaliishughulikia familia pamoja na mgonjwa. Tofauti ni kwamba majina hayo hayakuingia katika daftari la serikali. Daftari liliandika waliofika hospitali, na hospitali iliandika kile ilichoweza kukiona.

4.0 "Nadra kwa Waafrika": Kuzaliwa kwa Dhana

Katika hali hiyo ndipo ilipokomaa dhana kwamba uvimbe wa ubongo ni nadra kwa Waafrika. Dhana hiyo ilikuwa sehemu ya dhana pana zaidi iliyoiona saratani kuwa ugonjwa wa ustaarabu wa viwanda. Takwimu zilizoiunga mkono zilitoka katika hospitali zilizokuwa na vitanda vichache vya Waafrika, madaktari wachache, na uchunguzi mchache wa maiti uliofungua fuvu. Mzunguko wa hoja ulijifunga wenyewe: ugonjwa haukutafutwa kwa sababu ulidhaniwa kuwa haupo, na ulidhaniwa kuwa haupo kwa sababu haukutafutwa.

Pingamizi lilitoka katika maabara za patholojia. Huko Kampala, Jack Davies wa Mulago alianzisha daftari la saratani mwaka 1954, mojawapo ya madaftari ya mwanzo kabisa barani Afrika. Kutoka Mulago hiyo hiyo, mwaka 1958, mpasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Watoto hao walikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliwakusanya katika orodha moja. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa. Katika Afrika Magharibi, E. Latunde Odeku, aliyerejea Ibadan mwaka 1962 akiwa mpasuaji wa ubongo wa kwanza nchini Nigeria, alionesha pamoja na wenzake kwamba mahali palipo na mpasuaji wa ubongo na mwanapatholojia, uvimbe wa ubongo nao huonekana. Nairobi ilipata mpasuaji wa ubongo mkazi mwaka 1967 alipofika Renato Ruberti kutoka Italia.

Mifano hii ya nje ya Tanganyika inatoa kanuni inayofaa kuipimia Dar es Salaam: idadi ya ugonjwa katika kumbukumbu ni zao la watu wawili wanaofanya kazi pamoja, anayeitoa tishu na anayeisoma. Mmoja akikosekana, ugonjwa hupungua katika karatasi bila kupungua katika miili ya watu.

5.0 Darubini na Kuzaliwa kwa Uvimbe Mseto

Wakati Kariakoo ikijengwa kuwa mji wa Waafrika, mbali huko katika maabara za Ulaya na Marekani majina ya uvimbe wa ubongo yalikuwa yanaundwa. Rudolf Virchow, katika karne ya 19, alizitambua seli zinazoshikilia neva kama gundi na akaupa uvimbe wake jina la glioma. Mwaka 1895 Stroebe alieleza uvimbe wenye sehemu ya glioma na sehemu ya sakoma, ambao leo huitwa gliosakoma. Mwaka 1926 Percival Bailey na Harvey Cushing walichapisha uainishaji uliotokana na zaidi ya wagonjwa 400 wa Cushing nchini Marekani, wakizipanga seli za uvimbe kwa kuzilinganisha na hatua za ukuaji wa seli za kawaida za ubongo.

Uainishaji huo ulikuwa na msingi mmoja: jina hutokana na sura. Seli yenye umbo la nyota huzaa astrositoma. Seli yenye kiini cha mviringo kilichozungukwa na uwazi mweupe huzaa oligodendroglioma. Msingi huo ulipokubaliwa, swali halikukwepeka: itakuwaje sura zote mbili zikionekana katika kipande kimoja? Mwaka 1935 Cooper alijadili uhusiano wa seli hizo mbili katika uvimbe mmoja, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa toleo la kwanza la uainishaji wa uvimbe wa ubongo mwaka 1979, uvimbe mseto ulikuwa na mahali pake. Ulidumu katika matoleo ya 1993, 2000 na 2007.

Hata hivyo, jina hilo halikuwahi kutulia. Hakikuwapo kiwango kimoja kilichokubalika cha seli za aina ya pili zinazotosha kuufanya uvimbe uitwe mseto. Wanapatholojia wawili waliotazama kioo kimoja waliweza kutoa majina mawili. Tena, jina lilitegemea ukubwa wa kipande kilichotolewa: mpasuaji aliyetoa kipande kidogo cha upande mmoja angeweza kukosa kabisa upande wa pili. Kwa hiyo hata katika vituo vyenye vifaa vingi, unadra wa uvimbe mseto ulikuwa kwa sehemu unadra wa makubaliano.

6.0 Kutoka Muhimbili hadi Ocean Road: Ujenzi wa Mnyororo

Nchini Tanganyika, mabadiliko ya kwanza makubwa yalitokea miaka michache kabla ya uhuru. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ng'ambo ya Kariakoo, upande wa Upanga unaolitazama bonde la Msimbazi. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likahamia kwenye jengo la wodi zake. Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Kabla ya hapo Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda Makerere au ng'ambo. Shule hiyo ilikua kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, kisha chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na hatimaye Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007.

Kwa mkazi wa Kariakoo, hospitali kuu ya taifa sasa ilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Lakini ukaribu wa jengo si ukaribu wa utambuzi. Ili uvimbe mseto ujulikane, mlolongo mrefu wa kazi hauna budi kukamilika. Fuvu lifunguliwe kwa usalama, na mgonjwa awe na mahali pa uangalizi maalumu baada ya hapo. Tishu itiwe mara moja katika fomalini ili isioze. Igandishwe katika nta ya parafini, ikatwe vipande vyembamba vya mikroni chache tu, ipakwe rangi za hematoksilini na eosini, na isomwe na mtu aliyezoea ubongo. Kiungo kimoja kikikatika, fomalini ikichelewa au kemikali ikikosekana, jina la ugonjwa linapotea hata kama mpasuaji amefanya kazi yake vizuri.

Upande wa picha ulikuwa na historia yake. Mashine ya CT ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baada ya hapo katika nchi maskini, mahali pa uvimbe palikisiwa kwa dalili, kwa eksirei ya fuvu, au kwa picha za mishipa iliyotiwa dawa. Aliyeumwa kichwa Msimbazi alianzia kwenye duka la dawa au kwa muuza dawa za asili sokoni Kariakoo, na hakuna mmoja wao aliyekuwa na njia ya kuona ndani ya fuvu. Tofauti yao na daktari wa hospitali ilikuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa, mpaka picha ilipopatikana.

Mwaka 1996 ndio alama kubwa zaidi katika historia hii. Katika mwaka huo Bunge lilitunga sheria zilizoanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo pia ilipewa jukumu la upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali ambayo zamani mkazi wa Kariakoo hakuruhusiwa kulazwa ikawa mahali ambapo wagonjwa wa saratani kutoka pembe zote za nchi wanakuja kupata mionzi. Ushirikiano wa kimafunzo, ukiwamo ule ulioanza mwaka 2008 kati ya Taasisi ya Mifupa na Weill Cornell ya New York, uliongeza idadi ya wapasuaji wa ubongo waliofunzwa nchini. Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za kisasa za mionzi za linaki badala ya kutegemea kobalti pekee.

Hata hivyo, taasisi hizo mbili zilirithi mgawanyo wa kazi. Anayepasua yuko Upanga. Anayetoa mionzi yuko ufukweni. Anayesoma tishu yuko katika maabara. Kinachowaunganisha ni karatasi ya majibu, na mara nyingi anayeibeba karatasi hiyo kutoka jengo moja hadi jingine ni ndugu wa mgonjwa. Neno lililoandikwa juu ya karatasi hiyo ndilo linaloamua kitakachofuata.

7.0 Jeni na Kufutwa kwa Jina

Wakati mnyororo huu ukijengwa Dar es Salaam, msingi wenyewe wa majina ulikuwa unabadilishwa. Mwaka 1994 ilibainika kwamba oligodendroglioma nyingi zimepoteza kwa pamoja mkono mfupi wa kromosomu ya 1 na mkono mrefu wa kromosomu ya 19. Mwaka 1995 uchunguzi wa gliosakoma ulionesha kwamba sehemu zake mbili, ya glia na ya sakoma, zina mabadiliko yale yale katika jeni ya TP53. Maana yake ilikuwa kubwa: hazikuwa saratani mbili zilizokutana, bali mti mmoja uliotoa matawi mawili. Mwaka 2008 yaligunduliwa mabadiliko ya jeni ya IDH1 katika baadhi ya glioma, na muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba astrositoma na oligodendroglioma nyingi huanzia hapo, kisha hutengana: moja hupoteza jeni ya ATRX na kuharibika TP53, nyingine hupoteza vipande vya kromosomu 1 na 19.

Uvimbe ulioitwa mseto ulipopimwa kwa njia hiyo, karibu wote uliangukia upande mmoja au mwingine. Sura zilikuwa mbili, jeni zilikuwa za ukoo mmoja. Ni visa vichache mno vilivyoripotiwa ambamo sehemu mbili za uvimbe mmoja zilikuwa na jeni tofauti kweli. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri jina la oligoastrositoma lisitumike panapowezekana kupima jeni, na toleo la mwaka 2021 halikulitambua tena kama aina ya uvimbe. Gliosakoma ilibaki, lakini kama tawi la glioblastoma.

Suala hili si la majina tu. Jaribio kubwa la kitabibu la Amerika Kaskazini, ambalo matokeo yake ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 2013, liliwahusisha wagonjwa wa oligodendroglioma na wa uvimbe mseto wenye ukali. Waliokuwa wamepoteza vipande vya kromosomu 1 na 19, na wakapewa mionzi pamoja na dawa za prokabazini, lomustini na vinkristini, waliishi kwa wastani wa kati wa miaka 14.7, waliopewa mionzi peke yake waliishi miaka 7.3. Kwa wasiokuwa na upotevu huo, wastani huo haukutofautiana kwa namna hiyo. Neno mseto, basi, lilikuwa limewafunika watu wa aina mbili chini ya shuka moja: ambao dawa ingewaongezea miaka mingi, na ambao isingewaongezea kiasi hicho.

8.0 Mjadala: Herufi Tatu na Jiografia yake

Toleo la mwaka 2016 liliacha mlango mmoja. Mahali ambapo jeni haziwezi kupimwa, uvimbe mseto uliruhusiwa kuendelea kuitwa hivyo kwa kuongezewa herufi NOS, yaani usiobainishwa zaidi. Kwa lugha ya maabara, herufi hizo ni tahadhari ya kitaalamu. Kwa lugha ya historia, ni alama ya mahali. Hazielezi kilichomo katika uvimbe. Zinaeleza kilichokosekana katika maabara. Ugonjwa ule ule, katika seli zile zile, unaweza kuwa na jina kamili katika jiji moja na kuwa usiobainishwa katika jingine.

Hapa ndipo historia ya Msimbazi inapotoa mchango wake. Ikitazamwa kwa muda mrefu, kuna mwendelezo kati ya uwanja wa Mnazi Mmoja na herufi hizo tatu, ingawa mambo hayo mawili hayafanani kimaadili. Uwanja ulikusudiwa kutenga. Herufi hazikukusudia hivyo. Lakini vyote viwili vinaweka mpaka kati ya wanaoonekana kikamilifu na wanaoonekana nusu. Mpaka wa kwanza ulichorwa na mpima ardhi na ungeweza kuvukwa kwa miguu kama sheria ingeruhusu. Mpaka wa pili umechorwa na bei ya kipimo, na hauvukwi kwa miguu.

Inaweza kupingwa kwamba ulinganisho huu unaipa darubini hadhi ndogo mno. Pingamizi hilo lina uzito. Mwanapatholojia mzoefu, kwa rangi za kawaida tu, hutofautisha saratani na kifua kikuu, na uvimbe mkali na usio mkali. Maamuzi mengi ya tiba yanategemea hayo. Aidha, kati ya darubini ya kawaida na usomaji kamili wa jeni kuna hatua ya kati isiyo ghali kiasi hicho. Tangu mwaka 2009 kumekuwapo kingamwili inayopaka rangi protini ya IDH1 iliyobadilika, na upotevu wa ATRX nao huonekana kwa upakaji rangi wa namna hiyo. Kwa vipimo hivyo viwili, sehemu kubwa ya uvimbe uliokuwa ukiitwa mseto inaweza kupelekwa upande wa astrositoma bila kusoma kromosomu yoyote. Hoja ya insha hii si kuidharau darubini, bali kuonesha kwamba kila kizazi cha vyombo hubadilisha maana ya kile kilichoonwa na kizazi kilichotangulia.

Ikiwa ndivyo, kuna jambo moja la kivitendo linalofuata. Tishu iliyotunzwa vizuri katika nta hudumu kwa miongo mingi na inaweza kupimwa upya kwa vyombo ambavyo havikuwapo siku ilipokatwa. Mkusanyo wa Cushing ulihifadhiwa na hadi leo uko katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako unachunguzwa kama hazina ya tiba na ya historia. Kitalu cha nta, kwa mtazamo huo, ni waraka. Kinafanana na jalada la nyaraka za taifa kwa kuwa kinaweza kujibu maswali ambayo aliyekiweka hakuyajua. Kinatofautiana nalo kwa jambo moja zito: mwenye waraka huu anaweza kuwa bado yu hai, na jibu jipya linaweza kuwa na manufaa kwake, si kwa mtafiti pekee.

9.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia jina la ugonjwa mmoja katika mitaa inayopakana. Imeonesha kwamba katika Dar es Salaam ya ukoloni, mkazi wa Kariakoo hakuweza kuwa na uvimbe mseto wa ubongo kwa maana ya kumbukumbu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ruhusa, nafasi wala chombo cha kumwona nao. Baada ya uhuru, na hasa baada ya mwaka 1996, uwezo wa kumwona ulijengwa kiungo kwa kiungo, wakati huohuo ambapo sayansi ilikuwa inagundua kwamba sura mbili zilizoonekana kwa darubini kwa kawaida zinatokana na asili moja.

Jibu la swali la mwanzo ni kwamba vitu viwili vimechanganywa katika neno nadra. Kuna unadra wa kibiolojia, ambao upo: uvimbe wenye koo mbili za kweli ni wa visa vichache mno duniani. Na kuna unadra wa kihistoria, unaotokana na fuvu lisilofunguliwa, fomalini iliyochelewa, kioo kisichosomwa na kipimo kisicholipiwa. Takwimu peke yake haiwezi kuutenganisha wa kwanza na wa pili. Historia ya vyombo na ya wanaovifikia inaweza. Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwa mgonjwa anayetoka Msimbazi kwenda Ocean Road akiwa na karatasi ya majibu mkononi, kiasi cha giza hilo kinategemea neno moja lililoandikwa humo, na kama kitalu cha nta kilichozaa neno hilo bado kipo mahali kinapoweza kupatikana na kusomwa tena.